Mama, Nimeandika Jina Lako

Mama Yunisi,

Nilikuomba ruhusa niandike siku moja jinsi kanisa letu lilivyoanza. Ulikataa. Nakumbuka vizuri ulivyokataa, umegeukia ukutani, sauti imebaki ndogo kama ya mtu anayeongea akiwa chumba kingine: "Riziki, usiniweke mu historia ya batu. Andika tu, batu saba balibatizwa mu ziwa. Inatosha." Nikajibu ndiyo, Mama. Siku tisa baadaye tukakuzika.

Sikutimiza. Jina lako nimeliandika, tena limesomwa mbele ya kanisa zima, kwa Kiswahili na kwa Kibemba. Nakuandikia ili nikueleze mwenyewe jinsi ilivyotokea. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ungeniuliza hizo kwanza. Mvua ilinyesha vizuri, na mihogo yako ya upande wa barabara ya Kafutuma tumeing'oa yote. Ilikuwa minene. Ziwa limepanda mno mwaka huu. Pale Kashikishi maji yameingia mpaka kwenye vibanda vya wauza chisense, dagaa wa ziwa letu, nao wamehamia juu, karibu na barabara. Cherehani yako iko kwangu na inafanya kazi. Mwanangu Neema anajifunzia hapo. Akikaza uzi mpaka ukakatika namsikia anasema polepole, "taratibu, taratibu", na hajui kwamba neno hilo ni lako. Mimi ulinifundisha hivyo hivyo, umesimama nyuma yangu, mkono wako begani, kila mshono uliopinda unanifumulisha. Ilikuwa inanichosha. Sasa nafanya vile vile kwa mwanangu.

Kanisa limejaa. Ukuta wa upande wa ziwa tumeupiga plasta, na Jumapili vijana wanakaa nje kwa sababu mabenchi hayatoshi. Kwaya ya akina mama imeshona sare mpya za kikwembe cha njano. Ungesema inaumiza macho. Lakini wamependeza.

Haya. Nikuambie sasa.

Miezi mitatu baada ya mazishi yako ilifika barua ya muungano wa makanisa yetu ya Kibaptisti. Wanataka kila kanisa la ufuo wa ziwa, kuanzia Puta hadi Mwansabombwe, liandike historia yake: lilianzaje, nani walikuwa wa kwanza, nani aliwabatiza. Historia ile itasomwa kwenye mkutano mkuu, halafu iwekwe mu bureau, ofisini kwao. Mchungaji Ilunga akanikabidhi kazi. Alisema mimi ndiye katibu, naandika Kiswahili na Kibemba, na tena mimi ni mmoja wa wale wa mwanzo. Alinipa na karatasi ya zamani inisaidie kuandika. Ilikuwa na mistari mitano tu. Mstari wa kwanza ulisema: "Kanisa lilianza pale mchungaji alipofika kutoka Mwansabombwe."

Niliisoma mara mbili.

Mama, wewe na mimi tunajua kwamba mchungaji yule alipofika alitukuta. Alitukuta tunaimba.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama yangu mzazi alikuwa amekufa kule Pweto, upande wa Kongo, na mume wako, mchungaji wetu, alikuwa amekufa kabla yake, katika siku zile za vita. Kwenye mtumbwi ulinishika mkono na hukuuachia mpaka tukashuka Puta, upande wa Zambia, na hata pale hukuuachia, tukatembea hivyo hadi Nchelenge. Ulikuwa na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye nguo, na Biblia ya mumeo. Siku zile nilidhani tunapita tu, kwamba mwezi mmoja au miwili tutarudi. Wewe Jumapili ya kwanza tu ulitafuta mahali pa kusali.

Bwalya ndiye aliyetupa uwanja. Mvuvi wa hapa hapa, Mzambia, mtu asiyesali popote. Tulisalia pale anapokausha nyavu zake, chini ya plastiki ya bluu, yeye amekaa pembeni anashona nyavu. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili tu. Majirani walipoanza kuja kusikiliza, ukaamua ubeti mmoja uwe Kiswahili na mmoja Kibemba, wakati wewe mwenyewe Kibemba hukijui. Uliimba maneno ambayo hujui maana yake, kwa sauti kubwa, na wamama wa hapa wakawa wanacheka mpaka wanashika tumbo. Halafu wakabaki.

Tulikuwa sita tuliokuwa kwenye darasa la ubatizo. Papa Kasongo alikuwa mkubwa kuliko wote. Alianza darasa kule Pweto mikononi mwa mumeo, vita ikalikata. Sofia alikuwa msichana mkubwa, mimi ndiye mdogo. Tulingoja mchungaji. Kila mtu aliyepita akienda Mwansabombwe ulimpa ujumbe kwamba tuko watu sita, tuko tayari, mtu aje. Ukapita msimu mzima wa mvua. Hakuja mtu. Papa Kasongo akaanza kuvimba miguu, kisha akashindwa kutembea, na kila ukienda kumwona anakuuliza neno moja tu: "Mama Yunisi, nitakufa bila maji?"

Ulifunga kula siku tatu. Nakumbuka kwa sababu bukari, ugali wetu, nilikula peke yangu. Siku ya nne ulipiga pasi lile gauni lako la rangi ya majani, ukaniambia, "Enda kuita bale bengine. Leo tunaingia mu maji."

Niliandika siku ile yote, Mama. Niliandika kwamba ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Niliandika kwamba Bwalya alikuja na kasia lake kwa sababu juma lililopita mamba alionekana pale, akaingia majini mbele yetu, anapiga maji kwa kasia huku na huku. Papa Kasongo alibebwa na watu wawili na alikuwa mwepesi kama mtoto. Ulisema maneno yote kama yalivyo, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, ukamlaza, ukamwinua. Alipopata pumzi alisema, "Sasa nasikia njaa." Watu walicheka na kulia pamoja. Aliishi majuma matatu, na kila siku ya majuma yale alikula samaki.

Mimi nilikuwa wa sita. Nilikunywa maji kwa sababu nilifungua mdomo kabla ya wakati. Nilipoinuka niliona uso wako karibu sana, na macho umeyafumba. Sikuwahi kukuambia kwamba niliona.

Halafu Bwalya akampa mtu kasia lake. Akasogea mbele yako, maji yakimfika kifuani, akasema Kibemba, "Na ine." Na mimi pia. Ukamwambia aanze darasa kwanza. Akakujibu kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, akikuita mama kwa Kibemba: "Mayo, darasa nimesoma. Mvua yote nashona nyavu, nasikia." Ukamuuliza maswali pale pale majini, moja baada ya jingine, na yote aliyajibu. Alijibu vizuri kuliko mimi. Ndipo tukawa saba.

Mchungaji alifika baadaye sana, wakati Papa Kasongo ameshazikwa. Alikuwa mtu mwema, nami nimeandika hivyo, kwamba alikuwa mwema na alitufundisha miaka mingi. Alipouliza nani alitubatiza hukujificha. Ulimwambia ni wewe. Akasema, "Mama, jambo hili tuliache hapa hapa. Likitoka litagombanisha watu." Ukakubali. Ulinieleza siku moja kwa nini, tukiwa tunakata nguo: tulikuwa wageni katika nchi ya watu, kanisa lilikuwa changa, na hukutaka jina lako liwe sababu ya wao kugawanyika. Ukarudi kwenye cherehani yako. Miaka zaidi ya ishirini ulikaa benchi la tatu, upande wa dirisha, ukisikiliza watu wakisema kanisa lilianza mchungaji alipofika. Hukufungua mdomo hata mara moja.

Ningeweza kufanya vile ulivyosema. Batu saba balibatizwa mu ziwa. Niliuandika mstari ule, Mama, nataka ujue. Niliuandika, nikauangalia. Ukisoma hivyo ni kama ziwa lenyewe lilitushika. Nikaona kwamba wewe ulinyamaza kwa ajili ya amani, na hiyo ilikuwa sadaka yako wewe. Lakini mimi nikinyamaza, ninamwambia Neema uongo. Nikafuta. Nikaandika: "Waliobatizwa wa kwanza walikuwa saba. Aliyewabatiza ni Mama Yunisi, mjane wa mchungaji."

Mchungaji Ilunga alisoma mbele yangu. Alivua miwani. Unamjua, ni kijana bado, na anaogopa kukosea. Akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akasema, "Mama Riziki, wakubwa watauliza: mwanamke, tena hakuwekewa mikono, alibatizaje? Wakisema ubatizo ule si kitu, Bwalya atakuwaje? Ndiye shemasi wetu mkuu. Miaka yote hii anagawa mkate na kikombe. Unataka aambiwe mbele ya watu kwamba hajabatizwa?" Halafu akaniomba, kwa upole kabisa, niandike tu ule mstari wako. Neno kwa neno, bila kujua kwamba ni wako.

Nilikwenda kwa Bwalya. Nilikwenda nimeshakata shauri kwamba yeye akikataa, basi. Alikuwa uwanjani kwake, mahali pale pale, ameketi na wavu miguuni, macho yake siku hizi anayasogeza karibu sana na uzi. Nilimsomea yote. Nilipofika pale anaposema "Na ine" aliacha kushona. Nilipomaliza nikamweleza hofu ya mchungaji. Nikamwambia, kwa neno la heshima wanaloitiwa wazee hapa, "Shikulu, ni wewe utakayeumia."

Akasema, "Mayo alinishika mugongo. Mimi ni mutu munene, naye alikuwa mudogo, lakini hakuniachia. Andika. Wakisema sikubatizwa, ziwa si liko pale? Nitaingia tena. Lakini sitasema ilikuwa mutu mwingine."

Nililia njiani kote. Watu walidhani nimefiwa tena.

Kwa sababu sisi ni Wabaptisti, jambo kama hili haliamuliwi na mchungaji peke yake. Akaitisha mkutano wa washiriki, Jumapili baada ya ibada. Nilisoma ukurasa ule, na mtu akatafsiri kwa Kibemba. Kelele zilizotokea, Mama, ndizo ulizoziogopa miaka yote. Mzee mmoja alisimama akasema tunajitafutia shida bila sababu, kwamba marehemu wote wameshapumzika, tuwaache. Mwingine, Mkongomani mwenzetu, akasema Wazambia watasema Wakongomani walileta kanisa lenye kasoro. Mama mmoja wa hapa akamgeukia akamuuliza, "Wazambia gani? Mimi hapa nimekaa. Mimi nimesema hivyo?" Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, lugha mbili, na mchungaji anapiga meza.

Aliyewanyamazisha ni Sofia. Sofia yule yule anayeuza chisense, ambaye hata kuomba kwa sauti mbele ya watu hawezi. Kati ya wale saba tumebaki hapa watatu tu, Bwalya, yeye na mimi. Alisimama, akashika benchi la mbele yake. Akasema, "Mimi nilibatizwa na Mama Yunisi. Nimezika waume wawili na ubatizo ule. Nimelea watoto watano na ubatizo ule. Kama ulikuwa wa bure, mtu aniambie sasa, kwa uso, siyo kwa pembeni." Akabaki amesimama, anangoja. Bwalya akainuka polepole akasimama. Nami nikasimama.

Mchungaji Ilunga alituangalia watatu. Akasema, "Wanaokubali historia hii iende kama ilivyoandikwa, wainue mikono." Na yeye, Mama, kabla ya wengine, akainua wa kwake. Waliobaki bila kuinua niliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yule mzee alikuwa mmoja wao, na baada ya mkutano alinisalimia vizuri.

Mkutano mkuu ulifanyika hapa kwetu, uvuvi ukiwa umefungwa, ndiyo maana watu walikuwa wengi. Walikuja kutoka Puta, Mwansabombwe, hata visiwani. Mwenyekiti wa muungano ni mzee sana, anatembea na fimbo. Nilisoma Kiswahili, Neema akasoma Kibemba. Ndiyo, Neema. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Tulipofika kwenye jina lako nilisikia viti vinasogea.

Mwenyekiti alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akauliza kama yuko mtu aliyekuwapo. Bwalya akasimama. Mzee akamuuliza, "Alipokutia majini, alisema kwa jina la nani?" Bwalya akasema yale maneno, Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, kwa Kiswahili, katika sauti yako kabisa, jinsi ulivyokuwa unavuta neno la mwisho. Nilikuwa sijasikia sauti ile tangu ufe.

"Na wewe ulikuwa unaamini?" mzee akauliza.

"Ndiyo sababu nilimpa mutu kasia langu."

Watu wakacheka kidogo. Mzee naye. Hakutoa uamuzi siku ile, alisema wazee wa muungano watakaa. Wakakaa majuma sita, na majuma yale sikulala sawasawa. Bwalya mwenyewe alijitoa kwenye kugawa meza ya Bwana mpaka jibu lije. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na mwezi ule mkate ulipopita hakuuchukua. Hapo ndipo niliposema moyoni, Mama alijua, Mama aliona mbali, na mimi nimemvunjia mzee huyu heshima yake. Ningekuwa na mahali pa kukuuliza ningekuja.

Jibu lilifika Jumatano. Mchungaji Ilunga alilileta mwenyewe hadi kwenye veranda yangu, anatembea haraka, shati limetoka nje ya suruali. Ni mistari michache. Wamekubali historia ya kanisa letu kama ilivyoandikwa. Hakuna mtu wa kubatizwa tena. Na wanaomba tuongeze kitu kimoja, jina lako kamili na la baba yako, kwa sababu nilikuwa nimeandika Mama Yunisi tu, na wao katika kitabu chao wanataka mtu aandikwe vizuri.

Jumapili iliyofuata Bwalya aligawa mkate. Alipofika kwangu tulitazamana, akaendelea na benchi lililofuata.

Ndivyo ilivyokuwa. Najua uliomba jambo moja, nami nikafanya jingine. Nakuomba unisamehe, lakini siwezi kusema najuta. Wasichana wawili wa kwaya walinijia juzi kuuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Niliwaambia ulikuwa mfupi, mkali kwa mshono uliopinda, unapenda chai yenye sukari nyingi, na kwamba ulikuwa unaogopa maji. Hilo la mwisho hawakuliamini. Niliwaambia nami nililijua siku ya kuvuka, kwa namna ulivyonibana mkono.

Sasa nisikilize, maana nina safari. Mdogo wako Zaina yuko hai. Mfanyabiashara mmoja anayeleta mafuta ya mawese kutoka upande wa pili alimwona Pweto. Ni mzee, macho hayaoni tena, lakini anauliza habari zako kwa kila mtu anayetoka Zambia. Hajui kwamba umekufa. Hajui chochote cha miaka hii yote. Alhamisi navuka. Nimechukua nakala ya historia, nimeifunga katika plastiki mara mbili. Nitakaa naye siku nitakazoweza, nitampa habari ya kifo chako polepole kama ilivyo desturi, na tukishamaliza kulia nitamsomea, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kutoka mstari wa kwanza. Nikirudi, darasa la ubatizo linaningoja, watu kumi na mmoja. Wamenipa mimi kulifundisha. Nakuahidi sitawaharakisha, na hakuna nitakayemwacha angoje mpaka miguu ivimbe.

Pumzika, Mama yangu. Mkono wako bado nimeushika.

Riziki